Fundo Lenye Masikio Mawili

Kitu cha kwanza nilichokiona ni pindo la kanga yangu. Nilikuwa nimejilaza mchana kwenye jamvi, nyuma ya nyumba, na nilipoamka pindo lilikuwa limenyooka. Kabla ya kulala nilikuwa nimefunga ufunguo hapo. Kanga haikuchanika wala kuvutwa. Fundo lilifunguliwa taratibu, kisha pindo likalazwa vizuri ubavuni pangu, kama afanyavyo mtu asiyetaka kukuamsha.

Ufunguo ule ni wa stoo ndogo tunamoweka mbolea na dawa ya kunyunyizia mpunga. Mwanangu Hemedi hajatimiza miaka minne.

Sikuita jina lake. Nilikimbia tu. Nilimkuta amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya mlango wa stoo, ulimi nje, ufunguo umeshaingia kwenye kufuli, anauzungusha upande usio wake. Aliponiona akatabasamu.

"Mama, bado kidogo," akaniambia.

Nilimbeba mpaka barazani kwa mama yangu. Mama alikuwa anapepeta mchele pamoja na wajukuu wake wawili, Zubeda na Fatu, mabinti wa dada yangu Sikudhani. Nilimweleza yaliyotokea. Nikasema fundo lilikuwa lile lile ninalofunga siku zote, na nililikaza kwa meno. Mama hakuacha kupepeta.

"Fundo la jana halimfungi mtoto wa leo," akasema.

Zubeda, aliye sekondari na hupenda kujua mambo yalikoanzia, akainua kichwa. "Bibi, methali hiyo sijaiona kwenye kitabu chochote."

"Utaionaje? Wanaoandika vitabu hawakupita kwenye karavati yetu."

"Karavati ina nini na methali?"

"Muulize mama yako mdogo. Yeye ndiye aliyekuwemo."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nikainama nikaanza kutoa mawe kwenye mchele.

"Huyu?" Fatu akasema. "Bibi, huyu ukimuuliza habari za asubuhi anatazama miguu yake."

"Basi nitasema mimi," mama akajibu, akaweka ungo chini. "Methali hii ilizaliwa hivi."

*

Miaka ile ya utoto wangu, kama mama alivyosimulia, kijijini kwetu hapakuwa na darasa la watoto wadogo. Shule ilianzia darasa la kwanza, na mtoto asiyefika umri huo alikuwa wa mama yake, popote mama alipo. Na mama zetu walikuwa kwenye mpunga. Majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga, yako bondeni chini ya milima, yanapata maji kwa mfereji unaotoka mtoni. Wakati wa kupandikiza miche wanawake walifanya kazi kwa ujima: leo shamba la huyu, kesho la yule, wote kwa pamoja, wameinama, matope yakifika kwenye goti.

Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Mtoto wa shule huenda shule. Taabu ilikuwa kwa yule wa katikati, ambaye ni mzito wa kubebwa na mdogo wa kuachwa. Kwa huyo walikuwa na kamba. Waliisokota kwa vipande vya kanga kuukuu, wakamfunga mtoto kiunoni, ncha ya pili wakaifunga kwenye nguzo ya dungu, lile jukwaa la kuamia ndege. Juu ya kamba waliweka njuga mbili. Mtoto akicheza, njuga zinalia. Mama aliyeinama shambani hakuhitaji kuinuka kutazama. Alisikia njuga, akajua mwanawe yupo na anacheza, akachomeka mche mwingine.

Kamba ile waliiita yaya. Jirani yetu Bi Mishi, aliyekuwa na mdomo usiopumzika, alikuwa akisema, "Yaya wangu hali, halali, wala hanitazamii mume."

Fundo la kiunoni walilifunga mgongoni, ambako mkono wa mtoto haufiki. Mama alifundishwa fundo lile na mama yake, naye alimfungia dada Sikudhani mpaka alipokua. Halikuwahi kumwachia. Zamu yangu ilipofika akanifunga mimi.

Mwaka niliotimiza miaka minne, dada alianza shule. Mwalimu wake alikuwa mkali kuhusu viatu. Asubuhi alipita mstarini, na ambaye kamba zake za viatu zilikuwa zinaburura alirudishwa nyuma akazifunge mbele ya wenzake. Dada akaona aibu mara moja, hakutaka kuiona tena. Kila jioni alikaa karibu na koroboi na kiatu kimoja cha zamani, cha pili chake kikiwa kimetafunwa na mbwa, akajifunza kufunga. Alikuwa anasema kwa sauti, kama wanavyosema mashairi shuleni: sikio moja, sikio la pili, sungura aingie shimoni, vuta.

Mama alikaa akimtazama. Siku dada alipofanikiwa mama alipiga vigelegele, baba akaitwa aje aone, na kuku wa watu nusura achinjwe.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mgongo wa dada. Mbele yangu hapakuwa na koroboi.

"Vidole vyake vilikuwa vinatembea," mama aliwaambia Zubeda na Fatu, akinionyesha kwa kidevu. "Nakumbuka sasa. Vinatembea hewani, hivi. Nilidhani anajikuna."

*

Siku yenyewe wanawake walianzia shamba letu, lililo jirani na dungu. Mama alinifunga, akaniachia uji kwenye kibuyu na kile kiatu cha zamani nikichezee. Kazi ilikwenda haraka. Jua lilipopanda walikuwa wamemaliza, wakatakiwa kuvuka kwenda shamba la Bi Mishi, ng'ambo ya barabara ya udongo. Si mbali. Ukisimama kule njuga za dungu letu unazisikia vizuri.

Hata hivyo mama hakwenda moja kwa moja. Alirudi kwangu kwanza. Akaingiza kidole kati ya kamba na kiuno changu, akalivuta fundo mara mbili. Limekaza. Akavuta na lile la kwenye nguzo. Limekaza. Akanipangusa uji mdomoni, akaondoka.

"Niliangalia fundo," mama alisema. "Sikuangalia vidole."

Mfereji wa kwetu ulikuwa mkavu. Maji bondeni huenda kwa zamu, na zamu ilikuwa ya wenye mashamba ya juu. Mfereji ukiwa mkavu hugeuka njia. Wanafunzi huufuata asubuhi kukwepa umande, na unapofika kwenye barabara hupenya chini yake kwa karavati, bomba pana la saruji ambalo mtoto anapita akiinama na mtu mzima hapiti. Wakubwa wanavuka juu. Wadogo wanapita chini, wakipiga kelele ili wasikie sauti zao zikirudi.

Aliyekuwa na lango la maji ni Mzee Shekiondo, mgawa maji. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufungua alipiga filimbi ndefu mara tatu, akangoja kidogo, kisha akainua mbao za lango. Aliyekuwa anafua, aliyekuwa anavuka, aliyelaza baiskeli yake mferejini, wote walijua maana yake: toka. Hapakuwa na mtu mzima bondeni asiyeijua filimbi ile. Watoto wa shule nao waliijua. Waliobaki bila kuijua walikuwa wamefungwa kwenye madungu, kwa hiyo hakuna aliyewafikiria.

Shambani kwa Bi Mishi kazi ilichangamka. Njuga zilikuwa zinalia ng'ambo, cheng, cheng, cheng.

"Mama Sikudhani, mwanao leo kala nini?" Bi Mishi akauliza. "Anacheza ngoma peke yake."

"Uji tu."

"Basi kesho nipe uji huo nimpe mume wangu. Wa kwangu akila anakaa kama gunia."

Wanawake wakacheka. Mama naye alicheka, na kicheko cha mama yangu ni kikubwa, unakisikia kabla hujamwona. Wakachomeka miche mstari mwingine, na mwingine. Njuga zinalia. Jua likasimama utosini. Njuga zinalia.

Hapo mama aliacha kuinama.

"Vipi?" Bi Mishi akauliza.

"Saa hizi huwa amelala."

"Kakosa usingizi. Njuga si hizo? Zingenyamaza ningekuambia kimbia."

"Mtoto huchoka, Bi Mishi. Hata akicheza, anatua. Hizi hazijatua tangu tuje."

Bi Mishi akasikiliza. Wote wakasikiliza, mikono ikichuruza matope. Cheng, cheng, cheng. Mama aliweka miche yake juu ya tuta, akapanda barabarani. Alianza kwa kutembea. Alikuwa katikati ya barabara filimbi ya Mzee Shekiondo ilipolia mara ya kwanza.

Chini ya dungu alimkuta mwanambuzi wa Bi Mishi, ambaye hufuata watu shambani kama mbwa. Alikuwa amefungwa kamba shingoni na anaruka huku na huku atoke. Kila akiruka, njuga zinalia. Kibuyu cha uji kilikuwa kimesogezwa mbele yake, na juu ya mgongo wake mtu alikuwa ametandika kipande cha kanga, kama mtu amfunikavyo mwanawe asipigwe na jua.

Mama akapiga magoti akashika kamba. Fundo la shingoni mwa mbuzi halikuwa lake. Lilikuwa na masikio mawili.

Filimbi ikalia mara ya pili.

Aliniita. Akatazama juu ya dungu, akatazama nyuma ya magugu, akaita tena. Kisha akaona nyayo kwenye udongo laini wa sakafu ya mfereji. Upande mmoja mguu mtupu, upande wa pili kiatu. Mguu, kiatu, mguu, kiatu, mpaka kwenye mdomo wa karavati. Akaingiza kichwa. Mle ndani kulikuwa na giza, na mbali, karibu na mwanga wa upande wa pili, kulikuwa na kitu kidogo kimekaa.

Filimbi ya tatu ikalia.

*

"Sikupiga yowe," mama alisema. Zubeda alikuwa ameacha mchele kabisa. "Watu husema nilipiga yowe. Aliyepiga ni Bi Mishi, aliyekuwa amenifuata na wenzake, aliponiona nimetoa kichwa kwenye karavati. Mimi sauti haikuwapo."

Yowe lile likapokelewa. Funga maji, mtoto yumo. Shamba la jirani wakalipokea wakalirusha kwa wanaofuata, funga maji, funga maji, likapanda bonde kuelekea langoni. Lakini mbao zilikuwa zimeshainuliwa, na maji yaliyokwisha kutoka hayarudi. Yalikuwa yanakuja na takataka zote za mfereji mkavu, majani, vijiti, povu la rangi ya chai.

Bi Mishi hakungoja kuambiwa. Aliruka mferejini upande wa juu, yanakotokea maji, mbele ya mdomo wa karavati, akaketi chini kwenye udongo kama alivyo, akatanua miguu. "Kaeni," akawaambia wenzake. "Kaeni mnibane." Wakaketi bega kwa bega, migongo yao kwenye maji yanayokuja, wengine wakirundika matope na kanga zao kwenye mianya. Walikuwa wanaziba maji kwa miili. Maji yakafika migongoni, yakapanda, yakaanza kupenya kwapani na kati ya mapaja. Hawakuyazuia yote. Waliyachelewesha.

Mama alikuwa amevuka barabara. Alishuka upande wa pili, akajiingiza kwenye bomba kichwa na mkono mmoja. Mabega yakakwama. Akanyoosha mkono mpaka kwapa likauma. Kati ya vidole vyake na mimi palibaki pengo kama la shubiri.

"Mwantumu."

"Abee, mama."

"Njoo kwa mama."

"Kiatu kinanishika."

Kamba ya kiatu ilikuwa imenasa kwenye nondo iliyochomoza pale saruji ilipobomoka. Nilikuwa nimeshavuta, na kila nilivyovuta nondo ilizidi kuimeza.

"Vua kiatu."

"Hakivuki. Kimefungwa."

"Nani alikifunga? Dada?"

Maji yakafika kwenye mapaja yangu, baridi, na kijiti kikanigonga mgongoni.

"Mwantumu, mama anakuuliza tu. Nani alifunga kiatu?"

"Mimi."

Huku nyuma tulimsikia Bi Mishi akiguna kama mtu aliyebeba jiwe.

"Na kamba ya yaya, nani alifungua?"

Nilijua swali hilo. Nilijua linafuatwa na nini.

"Sikupigi," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ile anayoniulizia kama nimeshiba. "Nani alifungua?"

"Mimi. Niliizungusha ikaja tumboni."

"Fundo la mama ni gumu. Bibi yako mwenyewe alikuwa analifungua kwa msumari. Umelifungua kwa kitu gani?"

"Kwa vidole."

"Basi vidole hivyo hivyo. Shika kiatu. Tafuta sikio."

"Sioni. Kuna giza."

"Usitafute kwa macho. Jioni, nyuma ya dada, ulikuwa unaona?"

"Hapana."

"Lakini ulijua."

"Ndiyo."

"Sasa tafuta."

Nikaingiza mikono kwenye maji. Kamba ilikuwa imevimba, haikufanana na ile ya nyumbani. Nikapata sikio moja nikalivuta. Halikuja, likazidi kukaza, nikaanza kulia.

"Hilo si lenyewe," mama akasema. "Usilie. Yako mawili. Uliyafunga mwenyewe, unajua jingine liko wapi."

"Maji, mama."

"Nayaona. Yanataka kupita tu. Vuta sikio la pili."

Upande wa juu mtu akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mama Sikudhani, yanatushinda." Mama hakugeuza hata jicho. Alikuwa ananitazama mimi kana kwamba nina mchana mzima.

Nikavuta la pili. Lilikuja. Nikasikia fundo linalegea ndani ya maji, kitu laini kabisa, na mguu ukatoka. Nikasogea mbele kwa makalio, mara moja tu, na kiganja cha mama kikafunga kwenye mkono wangu.

Waliokuwapo wanasema nilitoka kama ndama anavyotoka. Mama alianguka chali kwenye matope nikiwa juu yake, na wakati huo huo wanawake wa upande wa juu wakaachia. Maji yakapita kwenye karavati yakiwa yameijaza mpaka juu. Kiatu kilitoka nyuma yangu, kikatupita, kikaenda.

*

Mzee Shekiondo alifika anahema, filimbi bado shingoni, akakaa chini barabarani. Wanawake wakatuzunguka. Baada ya hofu ikaja lawama, kama ilivyo desturi yake. Mwanamke mmoja, simtaji kwa sababu ameshatangulia, akamwambia mama, "Ulifunga legelege. Mimi wa kwangu hajafungua hata siku moja."

Mama alikuwa anaondoa matope masikioni mwangu. Akasema polepole, "Fundo lilikuwa zuri. Nililivuta mara mbili. Ila lilikuwa fundo la jana, na nilimfunga nalo mtoto wa leo."

Bi Mishi, aliyekuwa anakamua kanga yake, akarudia maneno yale chini chini kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akapanda barabarani akaenda moja kwa moja kwenye dungu la yule mwanamke mlaumu, akamgeuza mtoto wake, akatazama mgongoni. Akarudi.

"Fundo la jana halimfungi mtoto wa leo," akasema. "Wako naye ameshaanza kulilegeza. Amebakiza nusu."

Ndivyo methali hiyo ilivyoanza kusemwa. Siku ile ile watoto wote walifunguliwa. Wanawake wakakubaliana kwamba kuanzia hapo, kila siku ya ujima, mmoja wao hatachomeka miche. Atakaa na watoto chini ya dungu. Na kila asubuhi, kabla hajawapokea, alimwambia kila mtoto, "Nionyeshe unachoweza leo." Mmoja alionyesha kuruka tuta, mwingine kufungua mlango wa banda, mwingine kupanda nguzo, na mama wa zamu akajua siku hiyo aangalie wapi. Baadaye dungu likawa kibanda, kibanda kikapata ubao na mwalimu. Ndilo darasa la awali anakokwenda Hemedi mwakani.

"Na mama mdogo alikuwa anakwenda wapi?" Fatu akauliza.

Mama akacheka. Hapo ndipo watu wote hucheka katika hadithi hii.

"Shule, wapi kwingine? Mguu mmoja una kiatu, njia ni ya wanafunzi. Bi Mishi alimuuliza pale pale: Unakwenda shule, binti? Akaitikia kwa kichwa, hivi. Tulicheka mpaka tukalia. Miaka minne, anakwenda shule kwa kupitia karavati."

Naikumbuka ile kuitikia. Nyuso nyingi zilinizunguka, zenye matope na machozi, zote zinangoja. Kuitikia kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Jambo hilo likanifuata. Nilipoanza shule kweli walimu waliniita binti wa karavati, aliyeitaka shule kuliko maisha. Nilipokuwa darasa la tano mama aliugua mgongo, hakuweza kuinama tena majini, na dada alikuwa amekwisha kuolewa. Nikaingia shambani mimi, wala shule sikurudi. Watu hawakuwa na ubaya. Lakini kwenye maji, nikichomeka miche, mara kwa mara mtu alisema, "Na huyu ndiye aliyeikimbilia shule mpaka nusura afe. Kumbe ilimshinda." Nilikuwa natazama miche yangu. Sikujua nianzie wapi kuwaambia kwamba sikuikimbia shule, na pia kwamba siku ile sikuikimbilia.

Mama akachukua ungo wake tena.

"Basi ndiyo hiyo," akawaambia wajukuu. "Kufuli kaza, kamba kaza, ufunguo ficha. Mzazi asiyefanya hivyo ni mjinga. Lakini kabla ya kukaza, mtazame mtoto mikono. Kile alichojifunza akiwa nyuma ya mgongo wako, wewe ndiye wa mwisho kukijua. Fundo la jana halimfungi mtoto wa leo."

Zubeda akairudia kimya, midomo tu ikicheza. Hemedi alikuwa amekaa mapajani mwangu. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vimepata tena pindo la kanga yangu, vinakunja, vinapitisha, vinavuta. Safari hii hakuwa anafungua. Alifunga, akalitazama, kisha akaliinua mpaka karibu na uso wangu na kungoja.

"Nimeliona," nikamwambia. "Umefunga mwenyewe."

Akaridhika, akashuka kwenda kwa kuku.

Mchele ulikuwa umeisha mawe, lakini niliendelea kuupapasa.

"Mama," nikasema.

Zubeda na Fatu wakageuka wote wawili kwa pamoja. Mama akainua macho.

"Siku ile sikuwa nakwenda shule. Nilikusikia unacheka upande wa pili. Nilikuwa nimefunga kiatu mwenyewe, nikawa nakuja uone."